Mtutu wa .22: kusugua ama kuuacha na uchafu wake?

Hii kesi ya kusafisha mtutu wa bunduki ya .22, ile ndogo ya tundu la kama inchi 0.22, haiishi. Kaa na walenga shabaha wowote renji, subiri chai imiminwe, alafu uliza tu "jamani nyinyi mwasafisha vipi?" uone. Mmoja atakwambia yeye hupitisha burashi kila akimaliza kupiga, mwengine ataapa wallahi mtutu wake haujaguswa tangu mwaka juzi na bado unapiga tundu juu ya tundu, wa tatu amesoma mahali kwamba mitutu ya .22 huuliwa na rodi za kusafishia kuliko risasi zenyewe, na hapo chai inapoa watu bado wanabishana.

Nikiulizwa mimi wote wana haki, ila hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza anazungumzia chemba, yani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa, wa pili anazungumzia tundu la mtutu, na wa tatu mara nyingi amechukua ushauri wa mtu anaeishi nchi ya baridi kavu ambako hewa haina chumvi. Ukitenganisha hayo matatu kesi karibu yote inaisha, kwa hio nitayatenganisha moja moja, na naongea hapa na wale wenye bunduki za shabaha zenye cheti, za kupiga mita 50 kwa utulivu, sio mambo mengine.

Anza na risasi yenyewe manake uchafu wote unatoka huko. .22 Long Rifle ni kitu cha 1887, kampuni ya Stevens kule Marekani ndo iliitoa, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana. Ganda ni jembamba la shaba ya manjano, praima, ile dawa ya kuwasha baruti, haikuwekwa katikati kama risasi kubwa bali imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, ndo maana pini inagonga ukingoni. Kichwa ni ledi, yale madini laini ya betri za gari, kina uzito wa kama gramu 2.6, na kwenye risasi za shabaha hakina koti la shaba nyekundu, kimepakwa tu nta au grisi kwa nje. Ukishika risasi nzuri ya mashindano vidole vinabaki na utelezi, na kwa joto letu hili la mwezi wa pili ukiacha boksi ndani ya gari pale Nyali, Mombasa, utakuta nta imelainika mpaka inashika vumbi, kwa hio boksi likae kivulini na usimwage risasi mezani kwenye mchanga, maana mchanga ule unaenda moja kwa moja mtutuni.

Mwendo wake ni mita 320 mpaka 330 kwa sekunde, umewekwa makusudi chini ya mwendo wa sauti ili risasi isitikiswe njiani. Mtutu wa kawaida una matuta ndani, yale ya kuizungusha risasi, yanayojiviringa mara moja kila inchi 16, yani kama sentimita 40, kwa hio risasi ikitoka inazunguka kama mara 800 kwa sekunde moja. Kitu kinachozunguka hivo na ni laini hivo, kikwaruzo kidogo upande mmoja kinatosha kukipeleka pembeni.

Sasa hesabu ya uchafu. Kwa vile hakuna koti la shaba nyekundu, hakuna shaba inayobaki ndani ya mtutu, na hapa ndo watu wanaotoka kwenye bunduki kubwa wanapotea, wanakuja na zile dawa kali za amonia zenye harufu ya kutoa machozi, za kuyeyusha shaba, na hapa hazina shaba ya kuyeyusha. Weka hizo pembeni. Kwenye .22 ya shabaha kuna vitu vitatu tu: nta iliyopaka ndani ya mtutu, masizi ya baruti na praima, na ledi. Kila kimoja kina tabia yake na kila kimoja kinapenda kukaa sehemu yake.

Nta ni rafiki. Sijui niseme vipi mtu aelewe, lakini mtutu wa .22 unaopiga vizuri ni mtutu ambao umeshapakwa nta ya risasi ile ile unayopiga, kutoka chemba mpaka mdomoni, sawasawa. Ukiusafisha mpaka ukang'aa umeondoa hio, na risasi za kwanza zinapita juu ya chuma kitupu, kila moja inaacha nta kidogo, kila moja inakuta hali tofauti na mwenzake, kwa hio zinatawanyika. Ndo maana baada ya kusafisha watu hupiga risasi kumi, kumi na tano, ishirini za kupasha kabla ya kuhesabu alama, na kuna mitutu inataka zaidi. Na ukibadilisha aina ya risasi, tuseme ulikuwa unapiga Eley ukahamia SK, nta zao si moja, basi utaona gurupu, yani lile kundi la matundu kwenye karatasi, inatanuka kidogo alafu inarudi. Watu wengi wanajaribu risasi mpya tano tano tu wanasema "hii haipendi bunduki yangu" kumbe mtutu haujapata hata nafasi ya kuizoea.

Kwa hio yule wa tangu mwaka juzi, kwenye tundu la mtutu, hajakosea sana. Nta ikishafika kiwango haiendelei kuongezeka bila mwisho, risasi inayofuata inasukuma ile ya zamani na kuacha mpya. Nimeona mitutu mizuri iliyosuguliwa ndani kiwandani ambayo inapita mamia ya risasi na gurupu haisogei.

Lakini masizi ni habari nyengine, na hapa ndo yule wa burashi kila siku anapata haki yake.

Praima nyingi za .22 zina unga wa kioo ndani. Umewekwa kwa kazi, pini ikigonga ule ukingo kioo kinasaga dawa na msuguano unaiwasha. Risasi ikilipuka, kile kioo na masizi na mabaki ya praima vinarushwa mbele, na vinagonga sehemu ya kwanza vinayoikuta: pale ganda linapoishia na mtutu unapoanza kushika risasi. Ganda la Long Rifle lina milimita 15 na nusu hivi, basi milimita chache mbele ya hapo, mzunguko mzima lakini zaidi upande wa chini, ndo panajengeka ile pete ya kaboni. Haifanani na masizi ya jiko. Ni ngumu, ina kioo ndani, inapigwa moto na presha kila risasi mpaka inakuwa kama enameli ya sufuria, na vile vitambaa unavyopitisha kwenye mtutu vinaiteleza juu tu havifanyi kitu.

Sasa fikiria kichwa laini cha ledi kinaingizwa chemba. Kwenye bunduki ya shabaha chemba imekatwa kubana, risasi ikifungiwa tayari inagusa matuta ya mtutu, ukiitoa bila kupiga utaona alama ndogo ndogo zimechongwa kwenye ledi. Hio ndo siri yake ya kulenga, kichwa kinaanza safari kikiwa katikati kabisa. Pete ikishakua inafanya mawili. Kwanza inakwaruza nta na ledi ya kila risasi, na kwa vile ni nene zaidi chini, inakwaruza upande mmoja. Pili inabana, kwa hio presha ya mwanzo inabadilika kidogo risasi kwa risasi. Matokeo yake ni ule ugonjwa unaoudhi kuliko yote: risasi saba ziko tundu moja, ya nane iko nje peke yake, hujakohoa, hujavuta triga vibaya, alafu mbili zinarudi ndani.

Dalili utaisikia mkononi kabla ya kuiona kwenye karatasi. Bolti, kile chuma cha kufungia chemba kwa nyuma, inayofunga kwa kidole kimoja inaanza kutaka dole gumba lisukume. Ukiona hivo usitafute sababu kwengine kwanza, angalia chemba. Na wenye bunduki zinazokubali .22 Short, ile risasi fupi, ganda la Short ni milimita 10.7 tu, kwa hio pete yake inajengeka nyuma zaidi, ndani ya chemba yenyewe pale ganda la Long Rifle linapotakiwa kukaa, alafu siku ukirudi kwa Long Rifle maganda yanagoma kutoka. Hio watu huilaumu kucha ya kutolea ganda, wanabadilisha spea bure.

Ya tatu ni ledi. Kwenye mtutu mzuri ledi haibaki sana, inakaa kidogo tu mwanzoni mwa matuta. Kwenye mtutu mbaya, ulio na mikwaruzo ama uliokula kutu zamani, ledi inajichora kama mistari ya fedha, na mara nyengine unaipata karibu na mdomo kwa sababu nta imeisha njiani. Namna ya kuijua ni rahisi: loweka kitambaa na mafuta ya kupenya, pitisha, acha robo saa, kisha pitisha burashi ya shaba mara kadhaa na kitambaa kinachobana. Kitambaa cha kwanza kinatoka cheusi na kijivu chenye ute wa nta, hio kawaida. Kikunjue taratibu kwenye mwanga wa dirisha ukiangalie, ukiona vipande vinavyometa, vyembamba kama gamba la dagaa, hio ledi. Vipande viwili vitatu si neno. Vikija vingi kila mara, mtutu una shida ambayo kusafisha peke yake hakutaiponya.

Ledi haiyeyuki na dawa za kawaida, inatoka kwa kusuguliwa. Kuna watu wanapenda ile njia ya mkato ya siki iliyochanganywa na peroksaidi, inayeyusha ledi kweli, lakini inachotoa ni chumvi ya ledi iliyoyeyuka majini, sumu inayoingia mwilini kwa urahisi, na ikikaa inakula chuma na ile rangi nyeusi ya nje. Usiifanye nyumbani. Sisi Mombasa hatuhitaji kuhubiriwa ledi inafanya nini kwa watoto, Owino Uhuru iko hapo, kile kijiji kilichochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, Phyllis Omido alipewa tuzo ya Goldman 2015 kwa ile vita na korti ikaamua fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Vitambaa vichafu vya mtutu vina ledi, tena masizi ya praima nayo yana ledi. Vaa glavu, usisafishie meza ya kulia chakula, usile wala kuvuta sigara katikati ya kazi, vitambaa vifunge kwenye mfuko visichezewe, osha mikono kwa maji baridi na sabuni. Na mtoto asikae anakuangalia kwa karibu hata kama anapenda.

Haya, rodi. Kila mtu anasema rodi inaharibu mtutu, na ni kweli lakini sentensi imekatwa nusu. Kinachoharibu ni rodi ya vipande vipande ya kufunga kwa skrubu, inayopinda katikati na kusugua matuta pale vipande vinapoungana, ikiingizwa kupitia mdomo wa mtutu. Ule ukingo wa mwisho wa mdomo ndo kitu cha mwisho kinachogusa risasi. Gesi inatoka nyuma ya risasi kwa kishindo wakati ule ule risasi inaachia, na kama ukingo umelika upande mmoja gesi inachomoka upande huo kwanza na kusukuma kitako cha risasi. Mtutu waeza kuwa mzuri kiasi gani, mdomo ukiwa umelika umekwisha. Wazee wengi walioachiwa BRNO za kitambo, zile bunduki za Kicheki, waliachiwa pia ile rodi ya bati ya vipande vitatu, na utakuta mdomo umekuwa yai.

Kwa hio: rodi ya kipande kimoja, ya chuma iliyopakwa plastiki ama ya fiba ya kaboni, ipanguswe kila inapotoka manake plastiki laini inashika mchanga. Iingie kutoka nyuma, bolti imetolewa, na kuwe na lile bomba la kuongoza rodi linalokaa mahali pa bolti ili rodi isichape ukuta wa chemba na dawa isimwagikie kwenye triga na mbao. Kabla ya yote hayo hakikisha chemba haina kitu, angalia kwa jicho na kwa kidole. Kitambaa kikitoka mdomoni kiache kidondoke, usikirudishe ndani na uchafu wake. Burashi ya shaba ipite mpaka itoke yote, usijaribu kuigeuza katikati ya mtutu. Bunduki ambazo nyuma yake imefungwa, huwezi kupitisha rodi, tumia kamba ya kuvuta, uvute sambamba na mtutu, usiivute kwa pembe mpaka ikachonga mdomo.

Sasa mpango wenyewe, na hapa naongea vile ninavyoamini, wengine watakataa.

Chemba kila ukimaliza kupiga. Kila mara. Burashi fupi ya nailoni, izungushie kitambaa kilicholowa dawa ya kaboni, ingiza mpaka uhisi imefika mwanzo wa matuta, zungusha, acha ikae dakika kumi wakati unapangusa uso wa bolti na chini ya kucha, rudi uzungushe tena, kausha. Ukifanya hivo pete haipati muda wa kuwa ngumu, masizi ya leo ni laini, ya miezi sita ni jiwe. Hio peke yake inaondoa nusu ya malalamiko ninayosikia.

Tundu la mtutu liache mpaka karatasi ikwambie. Watu wa mashindano wengi husafisha kila baada ya risasi 200 mpaka 500, lakini nambari ya mtu mwengine haikusaidii sana, mtutu wako ndo utasema. Weka daftari. Piga gurupu za risasi kumi kumi na risasi za loti moja, yani zilizotengenezwa pamoja kiwandani, siku tulivu, andika umeshapiga ngapi tangu usafishe. Baada ya muda utaona pale zinapoanza kutanuka, safisha kidogo kabla ya hapo na usikae ukiangalia kalenda.

Na tafadhali kabla ya kulaumu mtutu laumu upepo. Kwenye shabaha ya mita 50 ya kimataifa duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukija ubavuni unasogeza risasi ya .22 zaidi ya sentimita 2 kwa umbali huo. Sasa mtu anapiga saa nane mchana kusi imechachamaa, bendera imelala ubavu, gurupu imekuwa pana kama mkate wa mofa, anarudi nyumbani anausugua mtutu saa mbili. Mtutu umefanya nini? Pia angalia skrubu za kushikilia chuma kwenye mbao na za skopu, zikilegea hata kidogo utaona vituko vile vile vya pete ya kaboni.

Ukiamua kusafisha tundu, huna haja ya vita. Vitambaa viwili vilivyolowa, ngoja dakika kumi, burashi ya shaba mara tano sita, kitambaa kilicholowa kimoja, kisha vikavu mpaka vitoke na kijivu hafifu. Acha hapo. Kile kijivu cha mwisho usikifukuze mpaka kitambaa kiwe cheupe kama kanzu ya Idi, hutafika, na ukifika umeondoa kila kitu. Pasta ya kusugulia kama ile ya J-B ina kazi yake, kwa pete sugu ama ledi iliyoganda, lakini ni unga wa kusaga chuma japo laini, itumike chemba mahali pale tu na kwa nadra, sio desturi ya kila mwezi.

Sasa lile la tatu, la hewa yetu, ambalo kwa maoni yangu ndo kubwa kuliko yote kwa mtu wa Pwani na ndo halimo kwenye ushauri mwingi unaosambaa. Mtu wa Finland akikwambia "piga, funga kabatini, usiguse mtutu" yeye hajakudanganya, kwake inafanya kazi. Zamani sana, praima zilipokuwa na kloreti ya potasiamu, kila risasi iliacha chumvi ndani ya mtutu na hata huko kwao mtutu usiosafishwa jioni ile ile uliota kutu. Praima zisizokula chuma zilikuja miaka ya 1920, Wajerumani wa RWS na Sinoxid yao na Wamarekani na zao, na tangu hapo wenzetu wakaweza kulegeza. Sisi ile chumvi imetoka kwenye praima ikabaki kwenye upepo. Angalia grili za madirisha Nyali ama Shanzu, angalia mabati ya Likoni, rangi inapakwa leo mwakani kutu imechungulia. Chuma cha mtutu hakina kinga maalum, na hata stenlesi inaota kutu, inachelewa tu.

Nta inayobaki mtutuni haitoshi kama kinga. Haikufunika kila mahali, na masizi yaliyo chini na juu yake yanashika unyevu. Kutu inaanza chini ya uchafu ambako huioni, inachimba vishimo, na kishimo ndani ya mtutu ndo nyumba ya ledi. Kwa hio jibu la Mombasa ni hili: usiusugue mtutu kila siku, lakini usiulaze bila mafuta hata usiku mmoja. Baada ya chemba, pitisha kitambaa kimoja chenye mafuta ya bunduki kidogo, kimoja tu, kutoka nyuma kwenda mbele. Kinaacha nta nyingi mahali pake na kinaweka ngozi ya mafuta juu. Siku ya kupiga pitisha vitambaa vikavu viwili vitatu, na chemba uikaushe vizuri zaidi manake mafuta kwenye chemba yanafanya ganda lisishike ukuta na nguvu yote inaenda kwenye bolti. Kisha risasi zako za kupasha. Hizo za kupasha ni gharama, najua bei ya boksi, lakini mtutu ni ghali zaidi.

Kisha esii. Hili wachache wanalifikiria. Bunduki imelala chumba cha esii nyuzi 20, asubuhi unaitoa nje kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu ule wetu wa asilimia 75. Hewa ya namna hio inaanza kuacha maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 ama 25, basi chuma chako kinatoka jasho nje na ndani, miwani ya skopu inafanya ukungu, mtu anapangusa nje, anapangusa lenzi, na ndani ya mtutu maji yamebaki. Iache ndani ya begi lake lililofungwa mpaka begi lote lipate joto la nje, nusu saa ama zaidi, ndo ufungue. Ukirudi fanya kinyume, itoe begini haraka. Yale mabegi na masanduku yenye sponji ndani ni ya kusafiria, sponji inakunywa unyevu na jasho inakumbatia chuma usiku kucha. Ikae wima kwenye sefu, mdomo ukiangalia chini ikiwezekana ili mafuta yasiteremke kwenye mbao na triga, na weka pakiti za silika jeli zile zinazobadilika rangi, zikishiba zikaushe kwa oveni ya moto mdogo zirudi kazini. Kuna wanaoweka kifimbo cha umeme cha kupasha joto ndani ya sefu, kizuri, ila stima ikipotea siku mbili usisahau kwamba sefu imerudi kuwa kisima.

Mafuta gani? Dawa za bunduki kutoka nje ni ghali na zikipatikana ni bahati, kwa kuwa zinashika moto na ndege nyingi hazizipendi. Hoppe's No. 9 iko sokoni duniani tangu 1903 na bado inafanya kazi ya masizi vizuri, Ballistol ya Ujerumani inasafisha na kulinda, lakini usipoipata usikate tamaa. Kuna mchanganyiko ambao Wamarekani wanauita Ed's Red, unatengenezwa kwa sehemu sawa za ATF ile ya giaboksi otomatiki, mafuta ya taa safi na spiriti ya kupunguzia rangi, wengine wanaongeza asetoni. Vyote hivyo viko duka la spea na duka la rangi. Uchanganyie nje penye hewa, mbali na moto, kwenye chupa iliyoandikwa, sio chupa ya soda. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa bolti na kwa kulinda siku chache, hayana dawa ya kuzuia kutu kwa muda mrefu. Ile WD-40 ni nzuri kufukuza maji bunduki ikinyeshewa, lakini paka mafuta mengine juu yake. Mafuta ya nazi hapana, najua bibi alilinda nayo panga miaka yote, ndani ya chemba yanachacha na kuganda kama gundi. Na oili chafu ya gari sitaki hata kuisikia.

Nje nako usisahau, mikono yetu ina jasho na jasho ni chumvi. Kila mahali shavu na kiganja kiligusa chuma pangusa kwa kitambaa chenye mafuta, ikiwemo bolti. Alama ya kidole cha rafiki uliyemwonyesha bunduki Ijumaa, Jumapili imeshakuwa ya rangi ya chungwa.

Na kama unataka kununua bunduki iliyotumika, hayo yote waeza kuyasoma juu yake kabla ya kutoa pesa na kuanza safari ya makaratasi. Muombe muuzaji atoe bolti, weka karatasi nyeupe nyuma kwenye mwanga, chungulia kutoka mdomoni: matuta yawe makali na yanyooke, madoa meusi yasiyotoka kwa kitambaa ni vishimo vya kutu. Ukipata mtu mwenye ile kamera nyembamba ya kuingiza mtutuni mlipe soda aangalie milimita za kwanza mbele ya chemba, pete ya kaboni inatoka, vishimo havitoki, na kwa jicho tupu hivi viwili vinafanana. Mwisho chukua pamba ya masikio, izungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mdomo, mzunguko mzima. Ikiacha nyuzi zimenasa mahali pamoja pana ukucha wa chuma hapo, na hio haihitaji dawa wala burashi, inahitaji fundi wa bunduki mwenye leseni aukate mdomo upya, kwa hio toa bei ya hio kazi kwenye bei anayokutajia.